Bendi za kuenzi Queen: mnatazama sharubu za Freddie, sikilizeni gitaa

#1 ShanganiSolo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nazifuatilia sana bendi za kuenzi Queen, zile zinazopiga nyimbo tupu za hiyo bendi ya rock ya Uingereza tangu mwanzo wa shoo hadi mwisho, na kuna jambo linanikera. Kila video ikiwekwa mtandaoni mjadala unakuwa juu ya mwimbaji. Sharubu zimekaa sawa? Koti la njano lipo? Kile kipande cha stendi ya maiki anakishika kama Freddie? Gitaa halitajwi kabisa. Mimi ni mtu wa Unguja, kisiwa alichozaliwa Farrokh Bulsara tarehe 5 Septemba 1946 kabla dunia haijamjua kama Freddie Mercury, na mapenzi yangu kwake hayana mjadala. Lakini nimekulia kwenye gitaa la solo na nasema bila kutafuna maneno: bendi ya kuenzi Queen ipimwe kwa gitaa lake. Mwimbaji asipofika juu, watu humvumilia, kwa sababu kila mtu anajua koo lile lilikuwa moja tu. Gitaa likienda kombo, wimbo unageuka kuwa wimbo mwingine.

Tazameni majalada ya albamu zao za miaka ya 1970. Waliandika kabisa kwamba humo hamna sintesaiza. Waliandika kwa sababu msikilizaji alikuwa anasikia vitu asivyoweza kuvitaja, akadhani ni mashine, kumbe ni gitaa la Brian May, mpiga gitaa wao, limerekodiwa tabaka juu ya tabaka. Chukueni Good Company ya mwaka 1975. Mwishoni mnasikia bendi nzima ya jazi ya kizamani, tarumbeta, tromboni, klarineti. Hakuna hata mpuliza tarumbeta mmoja pale studio, yote ni gitaa. Sintesaiza waliiingiza rasmi mwaka 1980 kwenye albamu ya The Game. Kwa hiyo anayetaka kuenzi Queen ya kabla ya hapo hana mahali pa kujificha.

Na gitaa lenyewe, linaloitwa Red Special, si la dukani. Agosti 1963 May alikuwa na miaka 16, anaitamani Fender Stratocaster, pesa hakuna. Baba yake, Harold, alikuwa mhandisi wa elektroniki. Wakaamua kulitengeneza nyumbani, na kazi iliwachukua kama miaka 2. Shingo waliichonga kwenye mahogani iliyong'olewa katika fremu ya meko ya nyumba ya zamani, mbao ya zaidi ya miaka 100 iliyokwishatobolewa na wadudu. Yale matundu waliyaziba kwa njiti za kiberiti. Kiini cha kiwiliwili ni mwaloni wa meza kuukuu, pembeni ni mbao za kuunganisha, juu na chini wamebandika veniya (ubao mwembamba sana) ya mahogani, na ndani wameacha uwazi kwa makusudi ili gitaa liitikie spika linapokuwa karibu nayo. Zile doa nyeupe kwenye ubao wa vidole ni vifungo vya lulu vya mama yake, May alivikwangua mwenyewe kwa mkono.

Mtambo wa kutikisa nyuzi, trimolo, ndio unaonifanya nimvulie kofia baba na mwana. Umekaa juu ya makali ya chuma kigumu mfano wa kisu, na kwa ndani unavutwa na springi 2 za valvu za pikipiki, Panther ya mwaka 1928. Mkono wake ulikuwa chuma cha kushikia mkoba wa baiskeli, na nchani kuna kipande cha sindano ya kufumia ya mama. Kwa hesabu ya May mwenyewe gharama ilifika pauni 8. Miaka 60 imepita na bado linapanda jukwaani. Mwaka 2002 alipanda nalo juu ya paa la Kasri la Buckingham, dunia nzima inamwangalia.

Sasa tuingie ndani, maana hapa ndipo bendi nyingi zinapokwama. Red Special ina pikapu 3 (vile vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi) za Burns Tri-Sonic. Mwanzo May alizitengeneza pikapu zake mwenyewe, lakini akivuta uzi pembeni sauti ilikuwa inapungua na kurudi kwa sababu ya jinsi sumaku zilivyopangwa, akaamua kununua. Kila pikapu ina swichi 2 ndogo: moja ya kuiwasha na kuizima, nyingine ya kugeuza fezi, yaani mwelekeo wa wimbi la sauti yake. Swichi 6 kwa jumla. Na pikapu zimeungwa mfululizo, umeme unatoka ya kwanza unaingia ya pili, sio sambamba kama Stratocaster. Ukiwasha ya nyuma na ya kati pamoja, hapo ndipo May anapokaa muda mwingi, sauti inakuwa nene na yenye nguvu kuliko pikapu yoyote peke yake. Kwenye Stratocaster ukiwasha mbili sauti inakuwa nyembamba na yenye kumeremeta. Ni magitaa mawili yenye tabia tofauti kabisa. Ukigeuza fezi ya pikapu moja kati ya mbili zilizowashwa, sehemu kubwa ya sauti za chini inajifuta yenyewe, inabaki ile sauti ya puani, inayolia. Hakuna pedali niliyoijaribu iliyonipa kitu hicho.

Ongezeni na urefu wa nyuzi. Kutoka kichwani hadi kwenye daraja ni inchi 24, Stratocaster ni inchi 25 na nusu. Nyuzi zinakuwa laini zaidi chini ya kidole, mtu anavuta mbali bila kutumia nguvu, ndiyo maana mtikisiko wa May ni mpana vile. Halafu hapigi kwa piki ya plastiki. Anapiga kwa sarafu ya zamani ya Uingereza, senti sita ya kizamani, yenye ukingo wa meno meno. Ukiilaza sarafu kidogo yale meno yanakwaruza uzi kabla haujaachiwa, na kila noti inaanza na mkwaruzo kama herufi ya kwanza ya neno. Ukiisimamisha wima mkwaruzo unapotea. Msikilize kwa makini, ataitumia hiyo tofauti ndani ya mstari mmoja.

Mwisho amplifaya: Vox AC30, ya valvu, imefunguliwa hadi mwisho, mbele yake kuna kiboksi cha kupandisha sauti za juu. Wazo la kiboksi alilipata kwa mpiga gitaa Rory Gallagher. Hakuna pedali ya kukoroga. Akitaka sauti safi anapunguza volyumu kwenye gitaa, akitaka kali anaipandisha. Kwa hiyo kidole chake cha mwisho kinafanya kazi wimbo mzima.

Karibuni tujadili. Wenye bendi mnaowafuatilia wekeni hapa.


#2 mtu_wa_besi

Uzi mzuri mkuu, ila nakubali nusu. Mimi ni muumini wa mkono. Wakati wa kurekodi Crazy Little Thing Called Love May alipiga solo kwa Telecaster, gitaa la kampuni ya Fender, na ukisikia unajua ni yeye. Sasa gitaa limetoka wapi hapo? Mpe mtu mwenye mkono gitaa lolote na atakupigia Queen. Mpe asiye na mkono Red Special yenyewe ya meko na vifungo, atakupigia kelele.


#3 ShanganiSolo

Mkuu umegusa penyewe, na mfano wako ni wa kweli. Telecaster ile ilikuwa ya Roger Taylor, mpiga ngoma wao. Lakini angalia walichokuwa wanatafuta: wimbo ulikuwa wa kuamkia rock and roll ya miaka ya 1950, na sauti ya enzi hiyo inakaa kwenye Telecaster. Walibadilisha gitaa kwa sababu gitaa lina maana. Wangekuwa wanaamini mkono unatosha wasingehangaika kuliazima.

Mkono naukubali. Mtikisiko, pumzi kati ya sentensi, kujua lini unyamaze, hayo hayauzwi dukani. Ila kwenye Queen kuna vitu ambavyo mkono hauwezi kuviumba. Fezi iliyogeuzwa ni hesabu ya umeme. Noti inayojishikilia yenyewe na kupanda oktava kwa sababu kiwiliwili kina uwazi na spika iko nyuma yako, hiyo ni mbao na hewa. Mkono bora duniani kwenye gitaa lisilo na mambo hayo utapiga noti zote sawasawa na bado msikilizaji atahisi kuna kitu kimeondoka.


#4 dada_wa_kinanda

Kaka ShanganiSolo, mimi napiga kinanda na naomba unitajie bendi za kutazama, zile ambazo kweli unaziheshimu. Pia naomba kujua sehemu ya opera ya Bohemian Rhapsody wanaifanyaje jukwaani, maana sisi tulijaribu tukashindwa.


#5 ShanganiSolo

Dada, nianze na opera. Queen wenyewe hawakuwa wanaiimba jukwaani. Sehemu ile ilikuwa inapigwa kwenye kanda, taa zinacheza, wao wako nyuma ya jukwaa, halafu rifu la rock likianza wanarudi kwa kishindo. Sauti zile ni za watu 3, Freddie, May na Taylor, zimerudiwa na kurundikwa mara nyingi studio. Kwa hiyo bendi ya kuenzi inayotumia kanda hapo haidanganyi mtu, inafuata desturi ya Queen. Wapo wanaothubutu kuiimba yote moja kwa moja na mimi nawaheshimu sana, lakini lazima wote jukwaani wawe waimbaji.

Kuhusu bendi. Uingereza kuna Killer Queen, wameanza 1993. Kuna Gary Mullen, Mskoti aliyeshinda shindano la televisheni la Stars in Their Eyes mwaka 2000 kwa kumuimba Freddie, kisha akaunda bendi yake ya The Works. Argentina, mji wa Rosario, kuna Dios Salve a la Reina tangu 1998, na hawa nawapenda kwa namna wanavyovijali vitu vidogo. Halafu kuna Queen Extravaganza, ambayo ni jambo la aina yake kwa sababu iliundwa na Roger Taylor mwenyewe, wanamuziki wakatafutwa kwa usaili wa mtandaoni mwaka 2011. Mmoja wa waliopatikana ni Marc Martel wa Kanada. Mkiangalia filamu ya mwaka 2018 kuhusu Freddie, sehemu ya sauti mnayosikia ni yake. Na bendi yake haikumvika sharubu wala koti la njano. Waliacha muziki useme.

Ila ukiniuliza nani amenifundisha maana ya kuenzi, nitatoka nje ya Queen. Uholanzi kuna bendi inaitwa The Analogues, ilianza 2014. Wanapiga albamu za mwisho za The Beatles, zile ambazo Beatles wenyewe hawakuwahi kuzipiga jukwaani kwa sababu waliacha kufanya ziara mwaka 1966. Hawavai mawigi. Hawajifanyi John wala Paul. Walichofanya ni kutafuta ala zenyewe za wakati ule, magitaa, amplifaya, kile kinanda cha kanda kinachoitwa Mellotron, na kukaa na rekodi mpaka waelewe kila sauti imetoka kwenye kifaa gani. Wanaleta na wapiga vinanda vya nyuzi na matarumbeta. Unafumba macho unaisikia albamu. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka kwa Queen.

Na msidhani wenye nyimbo wanadharau. Australian Pink Floyd Show, bendi iliyoanzia Adelaide mwaka 1988, ilialikwa kupiga kwenye sherehe ya David Gilmour, mpiga gitaa wa Pink Floyd, ya kutimiza miaka 50, mwaka 1996. Mwenye gitaa mwenyewe kaagiza kopi yake ije kumtumbuiza.


#6 zilipendwa_daima

Wakuu mbona tunaenda mbali. Hapa nyumbani Msondo Ngoma imetoka NUTA Jazz ya 1964, Sikinde tangu 1978. Wanapiga vibao vya watu waliokwishatangulia mbele ya haki, na mashabiki wanaimba kila neno. Hizo si bendi za kuenzi?


#7 ShanganiSolo

Mzee wangu, heshima yako. Mimi naona Msondo na Sikinde ni kitu kingine, na kwangu ni kikubwa zaidi. Hizo ni bendi zenyewe. Watu wanaondoka, wengine wanaingia, wengine wanahama kutoka moja kwenda nyingine kama alivyofanya marehemu Muhidin Gurumo, lakini kamba haijakatika. Mfano wake ni Queen wenyewe waliozunguka na mwimbaji Adam Lambert, May na Taylor wakiwapo. Bendi ya kuenzi ni watu wa nje ambao hawakuwahi kuwemo, wanaochagua kubeba kazi ya mtu mwingine.

Na kwetu ingewezekana sana. Mfikirieni Ndala Kasheba, naye alikuwa Freddy, aliyefariki 2004. Gitaa lake lilikuwa la nyuzi 12. Sasa aje kijana anayetaka kumuenzi na gitaa la nyuzi 6 na pedali ya chorus. Atapiga noti zote, sauti ataipata nzuri tu, na kila aliyewahi kumsikia Kasheba atajua palepale kwamba hapana. Nyuzi 12 zina jozi, moja ya jozi ikipishana na mwenzake kwa unywele tu ndipo ule mng'ao unapotokea. Hicho ndicho ninachokisema juu ya Red Special, na nashukuru umenipeleka huko kwa sababu sasa hata asiyejua Queen anaelewa.

Natamani siku moja nione bendi ya vijana inayopiga Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz kwa utaratibu wa The Analogues, solo, rhythm na besi zikiwa za aina ileile, na saksafoni za ukweli badala ya kinanda.


#8 Likoni_Rhythm

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu, mimi napiga rhythm hotelini, tunapiga kopi za kila kitu, Queen nyimbo tatu nne kwa usiku. Nataka kununua gitaa la mtindo wa zamani. Kuna mtu ananiuzia Stratocaster ambayo rangi imechubuka, anasema ni "ya zamani". Nyingine ni Squier. Na je, Red Special nitaipata kweli? Nisaidie kabla sijatoa pesa.


#9 ShanganiSolo

Ndugu yangu wa Likoni, usitoe pesa kwa sababu ya rangi iliyochubuka. Nieleze kwa nini.

Stratocaster ilitoka mwaka 1954. Januari 1965 Leo Fender aliuza kampuni kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, kwa dola milioni 13, na wapenzi wa gitaa wakaanza kugawa historia: kabla ya CBS na baada ya CBS. Za kabla ndizo zinazosakwa na matajiri. Upande wa Gibson, watengenezaji wengine wa magitaa, ni Les Paul za rangi ya machweo za 1958 hadi 1960, hazifiki 2,000, na leo bei yake ni ya nyumba. Kwa kuwa za kweli hazishikiki, mwaka 1995 Fender wenyewe, kwenye karakana yao maalumu, walianza kuuza magitaa mapya yaliyozeeshwa kwa makusudi: rangi inakwanguliwa, vyuma vinapakwa kutu, shingo inasuguliwa pale mkono unapokaa. Waliyaita Relic. Tangu hapo kila mtu anazeesha, wengine kwa msasa uani. Kwa hiyo mchubuko haukwambii umri. Fungua bati la shingo au uangalie mwisho wa shingo, soma namba na mihuri, tazama rangi ndani ya shimo la pikapu, na linganisha na mwaka anaokutajia. Asipokubali ulifungue, ondoka.

Mimi sina ugomvi na gitaa lililozeeshwa, wengine wanalipenda kwa sababu shingo iliyosuguliwa inateleza vizuri mkononi, na hilo ni kweli kabisa. Ugomvi wangu ni kulipia mkwaruzo bei ya historia.

Squier usiidharau. Jina hilo Fender waliliweka kwenye magitaa ya Japani mwaka 1982, mfululizo wa JV, na leo hayo ya JV yanatafutwa kwa udi na uvumba kwa sababu Wajapani walinakili zile za miaka ya 1950 na 1960 kwa uaminifu mkubwa. Kuanzia 2008 wana mfululizo wa Classic Vibe, umbo na hisia za kizamani kwa bei ya mtu wa kawaida. Ukiipata iliyotunzwa, ninunulie hata mimi.

Kitu kimoja ambacho wauzaji hawakwambii sisi wa pwani: chumvi na unyevu. Gitaa likishinda karibu na bahari, swichi na volyumu ndani zinaanza kukwaruza, vyuma vya daraja vinashika kutu, na shingo inajipinda misimu ikibadilika. Ukienda kuliona, lichomeke, zungusha kila kitufe taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, badilisha swichi mara nyingi, sikiliza. Halafu weka kidole freti (kile chuma kinachovuka shingo) ya kwanza na kingine pale shingo inapoungana na kiwiliwili, uangalie katikati uzi umeachana na freti kwa kiasi gani. Kadi nyembamba ipite, basi. Ukiona pengo la kupitisha shilingi, muulize kama fimbo ya ndani ya shingo bado inazunguka.

Red Special: zipo nakala. Guild walizitengeneza 1984 na tena 1993. Fundi wa Australia Greg Fryer alimtengenezea May nakala za kiwango cha juu miaka ya 1990, na mwaka 1998 ndiye aliyelikarabati la asili. Burns wakatoa ya bei nafuu 2001, na sasa May ana kampuni yake, Brian May Guitars. Hizi za kampuni yake ndizo utakazoziona mikononi mwa wapigaji wengi wa bendi za kuenzi. Zina swichi 6 na muungano wa mfululizo, na urefu wa inchi 24. Trimolo ni ya Wilkinson ya kununua, si ile ya kisu na springi za pikipiki, na kiwiliwili si mwaloni wa meza. Kwa nyimbo nne za usiku zinatosha na zinabaki.


#10 FundiRedio

Wakuu, mimi si mpigaji, natengeneza redio na amplifaya, ila uzi huu umenifurahisha. Nimeona mwanzisha uzi hakutaja Deacy Amp, naomba niongeze. John Deacon, mpiga besi wao, alisomea elektroniki. Mwaka 1972 aliokota kipande cha sakiti kwenye pipa la taka za ujenzi London, sakiti ya redio ndogo ya transista za jerimani (madini ya germanium). Akakifunga ndani ya boksi la spika ya rafu, kinatumia betri, hakina hata kitufe cha volyumu. Zile sauti za matarumbeta kwenye Good Company zimepitia hapo. Kidude kidogo kinachoweza kubebwa kwapani kilikaa kwenye albamu zilizouza mamilioni.

Transista za jerimani bado zinapatikana kwenye redio kuukuu zetu hizi. Msizitupe, na msiuze kwa kilo.


#11 Likoni_Rhythm

Asanteni sana, huyo wa Stratocaster kakataa nifungue shingo, nimemuacha. Squier nimeiona, iko safi. Swali la mwisho: naweza kuigeuza swichi zake ziwe kama Red Special? Fundi wangu anasema haiwezekani.


#12 ShanganiSolo

FundiRedio umenena, na hilo la Deacy nilikuwa naliweka kwa ajili ya baadaye. Asante.

Likoni, inawezekana. Mwambie fundi hivi. Toa swichi ya njia 5 (na kwa wanaopenda historia, Fender waliiweka rasmi mwaka 1977, kabla ya hapo ilikuwa ya njia 3 na wapigaji walikuwa wanaikwamisha katikati kwa kidole). Nunua swichi ndogo 6 za kuteleza, zile zenye miguu 6 kila moja. Tatu ni za kuwasha na kuzima, tatu ni za fezi. Pikapu zote 3 ziungwe mnyororo mmoja: mwisho wa koili ya kwanza unaingia mwanzo wa ya pili, mwisho wa ya pili unaingia mwanzo wa ya tatu. Swichi ya kuzima haikati waya, inaruka pikapu, yaani inaunganisha miguu yake miwili ili umeme upite bila kupitia koili. Akiikata kama taa ya chumbani, gitaa zima litanyamaza, na nahisi hapo ndipo fundi wako alipokwama.

Swichi ya fezi inabadilishana tu miguu miwili ya koili. Angalizo: kama pikapu ina kifuniko cha chuma kilichounganishwa na waya mmoja wa koili, kitenganishe kwanza na kipewe waya wake wa ardhi, la sivyo ukigeuza fezi kifuniko kitakuwa na sauti na ukikigusa kitavuma.

Utasikia tofauti siku hiyohiyo. Pikapu 2 za kilo-ohm 6 zikiwa sambamba kipimo kinasoma 3, zikiwa mfululizo kinasoma 12. Nguvu inaongezeka, sauti za juu zinapungua kidogo, na hapo ndipo kile kiboksi cha kupandisha sauti za juu kinapopata kazi. Zikiwa zote 3 fezi moja inakuwa nzito mno kwa rhythm, usizitumie pamoja isipokuwa kwa solo ya mwisho wa usiku. Anza na ya nyuma na ya kati.

Haitakuwa Red Special. Inchi 25 na nusu zitabaki, uwazi wa ndani hautakuwapo, na Tri-Sonic zina tabia yake. Lakini ukiipiga Killer Queen pale hotelini wageni wa Uingereza watageuza shingo. Tumia nyuzi nyembamba, 9 kwa 42, ufidie ule urefu. Sarafu za senti sita zinauzwa mtandaoni kwa bei ndogo. Mimi ninazo za ziada, nitumie ujumbe wa faragha nikupe moja ukivuka Unguja.

Weka picha ya sakiti fundi akimaliza, kabla hajafunga bati.